Chaja ya kiwandani au ya kununua pembeni? Ulinganisho kwa wenye pikipiki za umeme Tanga

Chaja inayokuja na pikipiki ya umeme mara nyingi ni ndogo. Inamtosha mtu anayeichomeka akienda kulala na kuikuta betri imejaa alfajiri. Haimtoshi bodaboda wa stendi ya Kange ambaye saa saba mchana betri imebaki robo na mabasi ya jioni bado hayajashusha abiria. Ndiyo maana habari ya chaja ya pembeni, yaani ile isiyotoka kwa aliyekuuzia pikipiki, haiishi vijiweni. Ninunue ya ampea 10? Ya 20? Nichukue mbili ndogo? Au nivumilie na niliyopewa?

Hesabu zote hapa chini nimezipiga kwa betri moja ili zisiyumbe: lithiamu ya volti 72 na ampea-saa 40, ambayo kwenye stika utaiona imeandikwa 72V 40Ah. Ikijaa inabeba karibu uniti 2.9 za umeme. Kama yako ni ya volti 60 au 48, njia ya kufikiri ni ile ile, badilisha namba.

Msimamo wangu nauweka mapema, ili mwenye haraka aondoke nao. Kwa walio wengi hapa Tanga, chaja ya kiwandani ibaki kuwa ya usiku. Kama una mahali pa uhakika pa kuchaji mchana, ongeza moja ya ampea 10, isiyo na feni, yenye volti iliyofungwa kiwandani isiyogeuzwa. Ya ampea 20 wanaoitamani ni wengi kuliko wanaoihitaji.

Volti kwanza, ampea baadaye

Mazungumzo ya vijiweni huwa ya ampea, lakini kinachomaliza betri ni volti. Chaja mbili zinaweza kukaa rafu moja, zote zimeandikwa 72V kwa herufi kubwa, moja ikaitunza betri yako kwa miaka na nyingine ikaiharibu ndani ya muda mfupi. Sababu ni kwamba 72 ni volti ya wastani tu, ya kuitambulisha betri. Chaja yenyewe husukuma umeme mpaka volti ya kujaa, na volti ya kujaa inategemea betri imeundwa kwa seli, yaani vibetri vidogo vya ndani, za aina gani na ziko ngapi.

Seli ya lithiamu ya aina ya NMC, ile ya nikeli, manganizi na kobalti, hujaa ikifika volti 4.2. Ya aina ya LFP, ile ya chuma na fosfati, hujaa kwenye 3.65. Betri ya asidi ya volti 12 huchajiwa mpaka karibu 14.7. Ukizidisha kwa idadi ya seli unapata hivi:

| Jina la betri | Ilivyoundwa | Volti ya kujaa |
|---|---|---|
| 72V ya NMC | seli 20 | 84.0 |
| 72V ya LFP | seli 24 | 87.6 |
| 72V ya asidi | betri 6 za volti 12 | karibu 88 |
| 60V ya NMC | seli 16 | 67.2 |
| 60V ya NMC | seli 17 | 71.4 |
| 60V ya LFP | seli 20 | 73.0 |
| 48V ya NMC | seli 13 | 54.6 |
| 48V ya LFP | seli 16 | 58.4 |

Tazama mistari mitatu ya juu. Zote ni "72V". Ukichukua chaja ya LFP ya 87.6 ukaichomeka kwenye NMC ya seli 20, kila seli inasukumwa kuelekea volti 4.38. Ukichukua ile ya betri za asidi, inapita 4.4. Hiyo ni hatua ya kuvimba seli, na mbele yake ni moto. Chaja za asidi nyingine zina na kawaida ya kubaki zikidonyoa umeme kidogo kidogo baada ya betri kujaa, jambo jema kwa asidi na baya kwa lithiamu.

Muuzaji atakwambia, "Kaka, hii inaingia betri zote, mbona wenzako wanachukua?" Inaingia kweli, maana plagi inafanana. Na ndani ya betri kuna saketi ya ulinzi, ile mafundi wanayoiita BMS, ambayo seli ikizidi volti yake hukata umeme. Kwa hiyo siku ya kwanza hakuna kitakachotokea, na ya pili vilevile. Tatizo ni kwamba BMS iliwekwa pale kwa ajili ya siku ya ajali. Ukiifanya ndiyo swichi ya kuzimia chaja kila usiku, unaitumia kwa kazi isiyoundwa kuifanya, na siku transista zake zikiungua na kushikana hakuna kingine kinachozuia.

Kosa la upande wa pili halitishi kiasi hicho. Chaja ya 84 kwenye LFP ya seli 24 inaipa kila seli volti 3.5. Betri inakaribia kujaa na haiungui, ila seli hazifiki pale BMS inapoanza kuzisawazisha, na baada ya miezi utaanza kushangaa kwa nini pikipiki inazima wakati mshale bado unaonyesha chaji.

Kuijua namba yako si kazi kubwa. Soma stika ya betri na stika ya chaja ya kiwandani, kwenye sehemu ya umeme unaotoka. Kama zimefutika, na jasho na vumbi huzifuta, usifungue betri. Chaji kwa chaja uliyopewa mpaka taa iwe ya kijani, chomoa, halafu mwombe fundi redio yeyote wa Ngamiani mwenye mita akupimie kwenye mdomo wa betri. Atakachosoma, kwa mfano 83.8, kinakuonyesha chaja ya kutafuta ni ya 84. Usikisie kwa jina, kwa sababu wapo wanaotengeneza LFP ya "72V" kwa seli 22 au 23, na hapo jedwali langu halikusaidii.

Betri yenyewe inakubali kiasi gani?

Hapa ndipo ndoto nyingi za chaja ya ampea 20 zinapoishia. Stika nzuri ya betri huandika kiwango cha juu cha ampea za kuchajia, na kiwango hicho huwa kidogo sana kuliko cha kutoa umeme kwenda kwenye mota. Betri inayotoa ampea 80 ukipanda mlima inaweza kuwa imeruhusiwa kupokea 10 tu. Ukiipa 20, kama BMS ni nzuri itakata na utabaki unashangaa chaja "mbovu". Kama si nzuri, kitakachopata moto ni tundu la kuchajia na waya wake mwembamba.

Stika ikiwa kimya, mimi husema ampea za chaja zisizidi theluthi ya ampea-saa za betri. Kwa 40Ah hiyo ni kama 13, kwa hiyo ya 10 inakaa vizuri na ya 20 imevuka. Wapo watakaosema nusu inaruhusiwa, na kwa seli nyingi ni kweli, lakini hayo ni maneno ya seli mpya kwenye chumba chenye baridi. Betri iliyotoka kuzunguka Chumbageni saa nane mchana mwezi wa pili ni habari nyingine. Lithiamu haipendi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzijoto 45, na chini ya kiti kilichoanikwa juani hufiki mbali kabla ya kuzigusa. Iache ipoe kivulini nusu saa kwanza, hata kama una haraka.

Kuna na suala la mawasiliano. Ukitazama plagi ya chaja ya baadhi ya pikipiki utaona pini mbili nene na nyingine nyembamba pembeni. Hizo nyembamba ni za chaja na betri kuongea, na betri isipomtambua mwenzake haifungui mlango. Chaja ya pembeni hapo haifanyi kazi, basi. Wajanja wanajaribu kuzunguka kwa kuchajia kwenye waya mnene wa kwenda kwenye mota. Usikubali. Kwenye betri zenye mdomo wa kuchajia uliotengwa, ulinzi wa kujaa kupita kiasi uko kwenye mdomo huo, kwa hiyo ukipita kwingine umeuruka. Fundi akikwambia "tutapitisha huku tu", mshukuru, panda pikipiki yako uondoke.

Wengi wetu hamu ya chaja za nje tumeipata kwenye video za Marekani, hasa za pikipiki za Zero za California. Kule jambo hilo ni la zamani. Pikipiki zao nyingi zilikuja na chaja ya ndani yenye wati 1,300, na kampuni yenyewe ikauza za nje za wati 1,000 za kuongeza juu yake, kisha wengine wakatengeneza kubwa zaidi. Lakini angalia betri wanayochaji: ina volti 102 za wastani, inajaa kwenye takribani 116, na mojawapo imeandikwa uniti 14.4. Wati 1,000 kwenye betri hiyo ni tone. Kwenye yetu ya uniti 2.9 tayari ni theluthi ya betri kwa saa moja. Na tundu la kuongezea chaja liliwekwa na aliyetengeneza pikipiki. Video ni nzuri, ila usihamishe namba zao kuzileta Makorora.

Zikiwekwa bega kwa bega

Tuseme umerudi na betri iko asilimia 20 na unataka ijae. Unahitaji ampea-saa 32. Chaja ya kiwandani ya ampea 5 itachukua karibu saa 7. Ya ampea 10 karibu saa 4. Ya 20, saa 2 na kidogo. Utaona ya 10 haikuleta nusu kamili ya muda. Chaja ya lithiamu hufanya kazi kama mtu anayejaza ndoo bombani: mwanzoni anafungua lote, karibu na ukingo analipunguza lisimwagike. Hicho kipande cha mwisho kina mwendo wake na ukubwa wa chaja haukifupishi sana.

Kwa anayechaji mchana kipande hicho hakina maana. Toka asilimia 20 mpaka 80 ni ampea-saa 24, ambazo ya ampea 5 inazimaliza kwa saa 5, ya 10 kwa saa 2 na dakika 25, na ya 20 kwa saa 1 na robo. Chomoa hapo uende kazini. NMC ikikaa kati ya 20 na 80 inadumu zaidi kuliko inayojazwa pomoni kila siku, kwa hiyo haraka yako na afya ya betri vinakwenda njia moja. LFP inahitaji kujazwa kabisa mara moja moja ili seli zisawazike, na hiyo ndiyo kazi ya chaja ya usiku.

*Ya kiwandani.* Volti yake haina mjadala, inaongea na betri kama kuna kuongea, na waranti yako iko salama. Udhaifu wake ni muda. Udhaifu mwingine unaonekana siku ikifa: pikipiki inalala wiki mbili ukisubiri nyingine kutoka Dar. Kwa mwalimu wa Nguvumali anayekwenda shule na kurudi sioni sababu ya kununua kitu kingine chochote.

*Ya ampea 10, isiyo na feni.* Ni boksi la alumini lenye mbavu nje, zito, limefungwa pande zote. Inatoka na wati 840 hivi. Uzito ndio kero yake, na ikifanya kazi huwezi kuiwekea mkono muda mrefu. Faida ni kwamba haina kinachozunguka wala tundu la kuingiza hewa, na hilo Tanga ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

*Ya ampea 20, yenye feni.* Inatoka na wati 1,680, inapiga kelele, na inahitaji ukuta wenye nguvu. Ni ya mtu mwenye betri kubwa, tuseme 60Ah kwenda juu, au mwenye pikipiki kadhaa zinazopokezana. Kwa betri moja ya 40Ah unalipia kasi ambayo betri haipaswi kuipokea.

*Mbili ndogo za ampea 5, sambamba.* Njia hii naipenda kuliko inavyosifiwa. Chaja mbili za volti ile ile zikiunganishwa kwa waya wa matawi mawili, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ampea zake zinajumlishwa na volti inabaki ile ile. Unapata 10 za mchana, usiku unatumia moja, na ikifa moja hulali njaa. Ya pili iwe ya volti ile ile hasa, 84 kwa 84, na jumla isivuke kiwango cha betri. Uliza pia kama ina kizuizi cha umeme kurudi nyuma, kwa sababu zisizo nacho hutoa cheche nene ukiiunganisha iliyozimwa na betri yenye chaji. Kuziunganisha kwa kufuatana, hasi ya moja kwenye chanya ya nyingine, ni volti 168. Usifanye hivyo kamwe, na kazi ya kuunganisha sambamba afanye anayejua.

*Ya kurekebisha.* Ina vitufe au vifundo vya kugeuza volti na ampea, na kioo cha namba. Kwenye karakana inayopokea pikipiki za volti 48, 60 na 72 ni chombo kizuri, na naamini kila fundi angekuwa nayo. Nyumbani kwenye watoto, au kijiweni ambako kila mmoja anaazima, ni hatari iliyowekwa mezani. Jirani anaichukua kuchajia ya kwake ya volti 72, anakurudishia bila kuigeuza, na wewe unaichomeka kwenye ya 60. Ukiwa nayo kwa lazima, funga vifundo kwa gundi ukishapima.

Betri ya pili ya akiba, kwa pikipiki ambazo betri inachomoka, inashinda chaja yoyote kwa kasi na inashindwa na zote kwa bei. Na wenye mfumo wa kubadilishana betri kwenye vituo, kama ule ulioenea Rwanda, hawana uamuzi hapa, kwani betri si yao.

Ukuta wa nyumba yako

Chaja ya ampea 20 inatoa wati 1,680 lakini inavuta zaidi, kwa kuwa sehemu inapotea kama joto. Ukihesabu ufanisi wa asilimia 90 inakuja karibu wati 1,870, sawa na ampea 8 kwenye volti 230. Plagi yetu ya pini tatu yenye fyuzi ya 13 inazimudu. Kisichomudu ni ekstensheni. Waya wa milimita za mraba 0.75, ule mwembamba uliojaa madukani, umepimwa kwa ampea 6, na ukiuacha umeviringishwa unapata moto zaidi. Kwa chaja ya 10, inayovuta kama ampea 4, unapumua. Kwa ya 20 tafuta waya wa 1.5 na uunyooshe wote.

Halafu kuna umeme mdogo. Mwisho wa laini, saa moja jioni watu wakiwasha pasi na majiko, volti zinashuka, na chaja za kisasa zikipewa volti chache huvuta ampea nyingi ili wati zibaki pale pale. Kwenye volti 190 ile chaja ya 20 inakaribia ampea 10 ukutani. Taa ikififia kila unapochomeka, usibishane na ukuta.

Umeme ukikatika, chomoa. Unaporudi hurudi kwa kishindo, na chaja huwa za kwanza kuondoka. Kile kiboksi cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, kinafaa pia kwa chaja, ila vingi vimeandikwa ampea 5. Vinaibeba chaja ya 10 na kuishia hapo, na hii ni sababu nyingine kwa nini namba 10 inakaa vizuri kwenye nyumba zetu.

Na mahali pa kuchajia pawe pasipozuia mlango. Wenye nyumba za kupanga wanapenda kuingiza pikipiki koridoni usiku kwa kuogopa wezi, na koridoni ndiyo njia pekee ya kutokea. Ingiza, sawa, lakini kuchaji fanya uani au barazani kabla ya kulala. Betri ikianza kufuka moshi, toa watu nje kwanza, kisha piga 114 ya Zimamoto. Mchanga hautauzima moto unaotoka ndani ya seli. Kinachosaidia ni maji mengi ya kupoza, na hayo waachie wenye vifaa.

Hewa ya bahari

Anayekaa Raskazone, Sahare au Chongoleani anajua vitasa vinavyofanya kutu kabla ya rangi ya mlango kuchakaa. Chaja yenye feni inavuta hewa hiyo hiyo ya chumvi na kuipitisha juu ya saketi saa mbili, tatu kila siku. Miguu ya vipuri hugeuka kijani, na siku ya masika unyevu ukikutana na chumvi hiyo, shoti. Kwa aliye Pongwe ni vumbi la saruji badala ya chumvi, na matokeo yanakaribiana. Ukilazimika kuwa na ya feni, iweke ndani, juu kidogo ya sakafu, na mwombe fundi aipulizie vumbi kila baada ya miezi kadhaa.

Plagi nazo zinaliwa. Nyeusi inayoanza kuonekana kwenye pini ni ukinzani, ukinzani ni joto, na joto hulainisha plastiki. Chaja ikibadilishwa kuwa kubwa, plagi iliyokuwa inavumilia ampea 5 ndiyo itakayoyeyuka kwanza.

Kubeba chaja kwenye pikipiki ni suala la njia unayopita. Mjini hakuna shida. Kwa anayekwenda Muheza, kilomita thelathini na kitu kwenda tu, chaja ya 10 ina maana kubwa: ukikaa mjini Muheza kwa saa 2 ukingoja mzigo wa machungwa unarudisha nusu ya betri, na safari ya kurudi haina wasiwasi. Akipandisha mpaka Amani, mtikisiko wa njia ile unalegeza solda za chaja ambayo haikutengenezwa kufungwa kwenye pikipiki. Iviringishe kwa sponji ndani ya begi ubebe mgongoni, usiifunge kwa mpira kwenye keria.

LUKU

"Chaja kubwa inakula umeme" nimeisikia kwa wapangaji, kwa wenye nyumba, hata kwa fundi mmoja aliyestahili kujua. Haili. Betri ile ile ikijazwa kutoka chini kabisa inahitaji kama uniti 3.2 ukutani, iwe umetumia saa 8 au 2. Ya ampea 10 inavuta mara mbili kwa nusu ya muda. Kwa bei ya kawaida ya T1, shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, kujaza betri tupu kunagharimu elfu moja na kidogo ukijumlisha kodi na tozo.

Kinachopaswa kumshughulisha mwenye mita ya D1, yaani bei ya nafuu ya watumiaji wadogo, ni kingine. Bei yake ya shilingi 100 ni kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na kinachozidi hapo kinauzwa 350. Uniti 3.2 kila siku kwa siku 26 za kazi ni 83. Pikipiki peke yake, bila taa wala redio, imeshavuka. Hilo halitatuliwi na aina ya chaja. Elewaneni mapema na mwenye nyumba, maana mwezi wa kwanza ukipita kimya, wa pili hautapita.

Kwa mwenye pikipiki ya mkataba kuna mtu mmoja zaidi wa kumuuliza. Waranti nyingi zinafutika betri ikichajiwa kwa chaja isiyo ya muuzaji, na kama pikipiki bado ni ya tajiri, betri ikivimba utalipa wewe. Pata ruhusa yake, hata kwa ujumbe wa simu, uitunze.

Ukishainunua

Mwambie muuzaji aiwashe na apime volti mbele yako. Chaja ya 84 isome kati ya 83.5 na 84.5. Nyingine hazitoi kitu mpaka zishikwe na betri, hizo zipime zikiwa zimeunganishwa, betri ikikaribia kujaa. Hakikisha chanya na hasi za plagi zimekaa sawa na za chaja yako ya zamani, kwa kupima, kwa sababu rangi za waya huwekwa na mtu na mtu hukosea. Maelekezo mengi yanataka uunganishe betri kwanza, ukuta baadaye, na wakati wa kutoa uanze na ukuta. Kama yako inasema kinyume, fuata yako.

Ampea zina ujanja mwingi kuliko volti, kwa kuwa duka halina namna ya kukuonyesha. Boksi jepesi lililoandikwa 10A lina uwezekano mkubwa wa kuwa na 6. Ukifika nyumbani, betri ikiwa chini ya nusu, zima kila kitu pamoja na friji, soma uniti zilizobaki kwenye LUKU, chomeka chaja kwa saa moja, soma tena. Ya ampea 10 ya kweli kwenye betri ya 72 inapaswa kuwa imepunguza 0.8 hadi 0.95. Ikiwa imepunguza 0.5, umeuziwa jina. Irudishe siku hiyo hiyo, risiti ikiwa bado mfukoni.